Moyo Unaenda Mbio, Vipimo Vinasema Uko Sawa

Kama umeshapimwa ECG ukaambiwa moyo wako ni mzima, na bado usiku wa manane unaamka umejishika kifua ukiamini saa yako imefika, mwongozo huu nimekuandikia wewe. Pengine umeshazunguka sana. Zahanati ya mtaani ilisema malaria. Ya pili ikasema vidonda vya tumbo. Ya tatu ikakuandikia dawa za taifodi na za UTI kwa pamoja. Mwisho ukachanga nauli na ada ya kumwona bingwa wa moyo, naye akatazama majibu, akasema huna kitu, punguza mawazo. Nafuu uliyotoka nayo pale ilidumu mpaka kituo cha daladala.

Unacho kitu, na madaktari wanakijua. Lile wimbi la ghafla linalokupa uhakika kwamba unakufa huitwa shambulio la hofu. Ile hali ya kuishi ukijichunguza, leo moyo, kesho kansa, keshokutwa UKIMWI, ni wasiwasi wa afya. Mara nyingi viwili hivi hutembea pamoja, na mara nyingi huanza baada ya msiba wa mtu wa rika lako, baada ya kuugua kweli, au baada ya miezi ya deni na usingizi mbovu. Tiba yake ipo na inafanya kazi.

Jambo moja nakuomba ulishike tangu sasa, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Dalili unazozisikia ni za kweli. Unachokosea ni kuzitafsiri. Na kinachoifanya hofu hii iendelee kuishi ni zile juhudi zako za kila siku za kuhakikisha kwamba huumwi.

Pimwa mara moja, lakini pimwa kweli

Kama hujapimwa kabisa, nenda. Yapo magonjwa yanayofanana na hofu: tezi ya thairodi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, sukari kushuka, pumu, na hitilafu za mapigo ya moyo. Safari moja ya maana iwe na presha, ECG, wingi wa damu, sukari, na kipimo cha thairodi daktari akiona haja. Mwambie pia unachotumia, bila kuficha. Vinywaji vya kuongeza nguvu, kahawa nyingi, mirungi, sigara, baadhi ya dawa za pumu za kupanua njia ya hewa, hata kuacha pombe ghafla kwa mtu aliyezoea kunywa kila siku, vyote vinaukimbiza moyo. Dereva wa bodaboda anayekesha kwa makopo mawili matatu ya vinywaji hivyo ana sababu ya mikono kutetemeka, na sababu hiyo inauzwa dukani.

Zipo dalili ambazo hupaswi kuziita hofu hata siku moja. Kifua kugandamizwa unapopanda mlima au kubeba mzigo, kisha kikaachia ukipumzika. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi, shingoni, kwenye taya au mgongoni, yakifuatana na jasho baridi na kichefuchefu, yasiyoachia. Kuzimia kabisa. Uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, maneno kutatanika mdomoni. Kukosa pumzi huku mguu mmoja umevimba na kuuma, hasa baada ya kujifungua au upasuaji. Hapo hakuna kusubiri, na kama una kisukari, presha au umri umesogea, haraka iwe zaidi. Homa nayo, ukiishi penye malaria, ipimwe ndani ya saa 24. Na shambulio la kwanza kabisa maishani mwako, nenda hospitali wala usione aibu.

Kabla hujatoka kwa daktari, muulize swali ambalo wengi hawalikumbuki: "Nini kikitokea nirudi?" Andika jibu lake kwenye daftari, pamoja na tarehe, vipimo ulivyofanyiwa na majibu yake. Kuanzia siku hiyo, ukurasa huo ndio unaoamua kama unarudi hospitali. Hofu yako haina tena mamlaka hayo.

Mwili unafanya nini

Ukikutana na nyoka njiani, kabla hujawaza lolote, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unaongeza kasi ili damu ifike kwenye misuli ya miguu, kifua kinakaza, jasho linatoka, tumbo linasimamisha kazi yake na kuanza kusokota. Katika shambulio la hofu mambo hayohayo yanatokea bila nyoka. Akili, kwa kuwa haioni cha kuogopa nje, inakitafuta ndani. Inaukuta moyo unadunda, inausoma huo mdundo kuwa ndiyo hatari yenyewe, hofu inazidi, adrenalini inazidi, na moyo unadunda zaidi. Mwanasaikolojia Mwingereza David Clark aliueleza mzunguko huu mwaka 1986, na sehemu kubwa ya tiba ya leo imejengwa juu ya maelezo yake.

Ganzi ya vidole na midomo, inayowatisha watu wakadhani ni kiharusi, ina maelezo yake pia. Ukihema haraka haraka unatoa hewa ya kaboni dioksidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Hewa hiyo ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo inabana kidogo, ndipo unapopata kizunguzungu na ile hali ya kujiona kama uko ndotoni. Kalsiamu iliyo huru kwenye damu nayo inapungua, ndipo midomo inapokufa ganzi na vidole wakati mwingine kukakamaa. Oksijeni unayo tele. Unahisi pumzi inakata kwa sababu umeshahema kupita kiasi.

Utazimia? Ili mtu azimie, kwa kawaida presha hushuka, na katika shambulio la hofu presha hupanda. Wapo wanaozimia wakiona damu au sindano, na hao mwili wao una tabia tofauti. Utarukwa na akili? Hapana. Ile hali ya kujiona si wewe ni adrenalini na kuhema, na inaondoka navyo. Moyo kuruka pigo moja, kisha ukagonga kwa nguvu? Hutokea hata kwa watu wenye moyo mzima, ila wengi wao wako kazini na hawausikilizi.

Shambulio hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, na mara nyingi ndani ya nusu saa limeshapoa, likikuachia uchovu kama wa mtu aliyelima. Linaweza kukuamsha usingizini bila hata ndoto mbaya. Hilo halilifanyi kuwa la hatari zaidi kuliko la mchana.

Dakika zile kumi

Usikimbie mahali ulipo. Kama unaendesha, weka chombo pembeni kwa utulivu. Kama uko benki kwenye foleni, baki kwenye foleni. Jiambie mara moja tu, kwa maneno ya kawaida: hili ni shambulio la hofu, nimeshapimwa, linapanda na litashuka. Usianze kubishana nalo, maana katika mabishano hofu haikosi jibu.

Kisha toa pumzi. Watu watakwambia vuta pumzi ndefu, na wanakwambia kwa mapenzi, lakini wewe tayari umejaza hewa kifuani na ukivuta zaidi unaongeza ganzi na kizunguzungu. Anza kwa kuitoa, polepole, mpaka mabega yashuke. Halafu ingiza kwa pua huku ukihesabu moja mpaka nne, tumbo litangulie kuinuka, utoe ukihesabu moja mpaka sita. Dakika chache zinatosha. Ile desturi ya kuhemea ndani ya mfuko iache, kwani ikitokea kumbe ni pumu au moyo, mfuko unadhuru. Legeza taya, legeza vidole. Halafu rudi kwenye ulichokuwa unafanya, hata kama mikono inatetemeka: endelea kukata vitunguu, endelea kusoma barua, endelea kumsikiliza mteja.

Hapa nataka nikueleze habari za Claire Weekes, mwanamke wa Australia. Akiwa msomi kijana wa elimu ya wanyama aliambiwa, kimakosa, kwamba ana kifua kikuu. Akatengwa kwa miezi, akawa hana la kufanya ila kujisikiliza. Alipoambiwa hana ugonjwa huo, moyo wake ulikuwa umeshazoea kwenda mbio na yeye ameshazoea kuuogopa. Aliyemfungua macho ni rafiki yake aliyekuwa amepigana Vita Kuu ya Kwanza. Alimwambia kwamba askari kwenye mahandaki walikuwa na mapigo hayohayo, na kwamba ilikuwa hofu tu. Baadaye Weekes alisomea udaktari, na mwaka 1962 akatoa kitabu kwa ajili ya watu wenye hali kama yake. Ushauri wake ulikuwa na hatua nne: kabiliana nayo, ikubali, elea, uache muda upite.

Kuelea ndiko kunakohitaji maelezo. Anayejifunza kuogelea akipigapiga mikono anazama. Akilegea, maji yanambeba. Shambulio linahitaji ulegevu huo. Ukikaza meno ukijiambia "lazima nilitulize sasa hivi", umeshaingia vitani, na vita ndivyo vinavyotoa adrenalini. Hata zoezi la pumzi linaweza kuharibika kwa njia hii, mtu akaligeuza hirizi: nisipohesabu sita nitakufa. Ukijiona umefika huko, acha kuhesabu kabisa. Shambulio litapita hata usipofanya lolote, na siku ukilijua hilo kwa mwili wako, litakuwa limepoteza nusu ya nguvu zake.

Kuacha kujikagua

Sehemu hii ni ngumu kuliko zote, na ndiyo inayoponya.

Jitazame wiki moja uandike. Mara ngapi umeshika mapigo shingoni? Mara ngapi umevaa mkanda wa mashine ya presha? Umebonyeza titi au kwapa mara ngapi, umechungulia ulimi kwenye kioo, umetazama choo, umejipima uzito, umeandika dalili kwenye Google, umemuuliza mtu "hivi mimi nikoje leo"? Wengi wakihesabu hushtuka.

Kila ukaguzi unakupa nafuu ya dakika chache, na nafuu hiyo inaifundisha akili kwamba kulikuwa na hatari na kwamba umeokoka kwa kukagua. Kesho itadai tena, na itadai zaidi. Juu ya hayo, ukaguzi wenyewe huzaa dalili. Tezi unayoibonyeza mara ishirini kwa siku itauma na kuvimba kwa kubonyezwa. Koo unalomeza nalo mate kila dakika ili uone kama kuna fundo, litahisi fundo. Presha inayopimwa na mtu aliyeshikwa na hofu hupanda kwa hofu, akapima tena ikiwa juu zaidi, mpaka usiku huohuo anatafuta teksi ya kumpeleka hospitali kwa presha aliyojitengenezea sebuleni.

Kwa hiyo punguza kwa mpango. Kama daktari hajasema una presha, mashine itoke chumbani, ikae kwa jirani. Kama una presha kweli, pima siku na saa alizokupangia, baada ya kukaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea na mkono umewekwa mezani, uandike, ufunike. Saa ya mkononi inayoonyesha mapigo, ivue kwa mwezi. Kwa yale mengine, hamu ikija sema "nitakagua baada ya nusu saa", na nusu saa ikifika isogeze tena. Hamu hupanda na kushuka yenyewe, kama shambulio lenyewe lilivyo. Siku za kwanza utaona wasiwasi umezidi. Vumilia, ndivyo inavyokuwa, na baada ya wiki chache huanza kulegea.

Zile video za WhatsApp za kijana aliyeanguka ghafla uwanjani, usizifungue wala usizisambaze. Toka kwenye kundi ikibidi.

Kuhusu virusi vya UKIMWI nizungumze wazi, kwa sababu naona wengi wanateseka kimya. Mtu alikuwa na tukio moja miaka mitatu iliyopita, ameshapima mara nyingi, kila jibu ni hasi, na bado kila kipele na kila mafua anayasoma kuwa ndiyo yenyewe. Kipimo cha haraka cha kingamwili kikifanywa miezi 3 baada ya tukio, bila tukio jingine katikati, jibu lake linatosha. Kama ulitumia dawa za kinga za PEP, ambazo huanzwa ndani ya saa 72, miezi hiyo ihesabu tangu ulipozimaliza. Baada ya hapo, kupima tena kituo kingine, kwa sababu "huenda kile cha kwanza kilikuwa kibovu", hakukuongezei ukweli wowote. Na ukipata tukio jipya, pima kwa ajili ya hilo jipya. Mara nyingi nyuma ya hofu hii kuna hatia ambayo mtu hajaisema kwa yeyote. Hatia haitibiwi maabara. Itafutie mshauri, au kiongozi wa dini unayemwamini kwa siri.

Na dini yenyewe? Swali, omba, soma uradi wako. Wengi hupata utulivu wa kweli hapo, na pumzi ndefu ya dhikri au ya wimbo ni tiba ya kifua pia. Angalia tu isigeuke kuwa neno la kurudia kila pigo la moyo ili usife, kwa maana hapo umerudi kwenye kukagua. Na anayekwambia umetupiwa kitu, kisha akakutajia bei, anakuongezea hofu juu ya hofu uliyonayo.

Rudi ulikokimbia

Shambulio likikupata kwenye kivuko cha Kigamboni, wiki inayofuata utazunguka kwa daraja. Likikupata msikitini au kanisani, utaanza kukaa karibu na mlango, kisha utasali nyumbani. Wengine wanaacha kupanda ngazi, kujamiiana, kucheza mpira, kwa kuogopa mapigo. Maisha yanapungua hivyo, kidogo kidogo, na kila mahali unapopakwepa panazidi kuogopesha.

Orodhesha ulivyoviacha, kuanzia chepesi. Anza na hicho, ukirudie mara nyingi katika wiki, ukae mpaka hofu ishuke ukiwa palepale. Mtu wa kukusindikiza aje mara za kwanza, halafu akae kituoni akusubiri, halafu abaki nyumbani. Chupa ya maji na kidonge cha "endapo" mfukoni, navyo viachwe kwa zamu. Kama daktari ameridhika na moyo wako, panda ngazi makusudi mpaka moyo udunde, kisha ukae chini uutazame ukitulia bila kuushika. Fanya tena kesho. Mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au mimba amuulize kwanza daktari wake.

Wa nyumbani

Mpe mwenzako aya hizi azisome. Kumwambia mtu "jikaze" au "acha mawazo" hakumsaidii, maana angeweza angeshaacha. Kumkimbiza hospitali kila mara nako kunamthibitishia kwamba anakufa. Kubalianeni siku ya utulivu juu ya jibu moja. Akianza, "Mama Asha, hebu nishike mapigo," jibu liwe, "Baba Asha, ni ile hofu, tulikubaliana sipimi. Nipo hapa na wewe." Useme naye kwa upole, ukae naye, usibishane. Jibu hilohilo kesho, na keshokutwa.

Ukihitaji msaada zaidi

Kama mashambulio yanakuja kila wiki, umeshindwa kazi, unakunywa pombe ili ulale, au mawazo ya kutotaka kuishi yameanza, usijitibu peke yako. Mawazo hayo ya mwisho ni ya kwenda hospitali leo hii na kumwambia mtu sasa hivi. Huduma za afya ya akili zipo katika hospitali kubwa: Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, Kidongo Chekundu kwa Unguja, Mathari kwa Nairobi, Butabika kwa Kampala, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa. Najua jina la Mirembe mitaani limegeuzwa tusi. Wengi wanaohudumiwa kliniki za namna hii huja asubuhi na kurudi makwao mchana, na wapo walimu, askari na wafanyabiashara kati yao.

Tiba yenye ushahidi mkubwa ni ya mazungumzo, inayobadilisha fikra na tabia, kwa vikao vya miezi michache. Hatua nyingi nilizoeleza hapo juu zimetoka humo. Dawa kama fluoxetine na sertraline husaidia pia. Huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha kazi, na siku za mwanzo zinaweza kuongeza wasiwasi, kwa hiyo huanzwa kwa dozi ndogo na haziachwi ghafla. Diazepam hutuliza ndani ya saa moja, na hapo ndipo penye mtego: ikitumiwa kwa wiki kadhaa mfululizo mwili unaizoea na kuidai. Usinunue kwa kumwonyesha muuza duka picha ya boksi. Propranolol nayo hupunguza mdundo, lakini mwenye pumu haimfai.

Ukifika mbele ya daktari, usianze na kifua, maana utapelekwa ECG nyingine. Fungua daftari lako useme hivi: "Daktari, vipimo nilivyofanya ni hivi, na tarehe zake ni hizi. Napata mashambulio ya hofu mara kadhaa kwa mwezi, yanachukua kama dakika 20. Ninaogopa kupanda daladala na ninajipima presha kila siku. Naomba kutibiwa hofu." Kisha mkabidhi daftari asome.